Mota ya gia au isiyo na gia? Soma kabla hujafunga umeme kwenye baiskeli yako, Mtwara na Lindi

Nilifungua mota yangu ya kwanza barazani kwangu Chikongola, na harufu ya vanishi iliyoungua ikanipiga puani kabla kifuniko hakijaachia vizuri. Shaba iliyotakiwa kung'aa ilikuwa nyeusi kama chungu cha kuni. Mota yenyewe ilikuwa kubwa, isiyo na gia, ubavuni imeandikwa wati 1000, na niliinunua kwa ajili ya namba hiyo tu. Haikufa ikiwa mbioni kwenye lami. Ilikufa kwenye kilima nyuma ya Mikindani, ikienda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na gunia la kilo 60 kwenye keria.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue mota ya wati ngapi, namuuliza kwanza atapanda wapi na atakuwa amebeba nini. Mota ya baiskeli mara chache huungua kwa kukimbia. Huungua kwa kujikokota. Ukilishika hilo, kuchagua kati ya aina hizi mbili kunakuwa rahisi, na hata kwenye marekebisho ya nyumbani utajua yapi yanafaa na yapi ni kujitafutia hasara.

Zinatofautiana wapi

Zote mbili zinakaa ndani ya habu, katikati ya gurudumu, na zote hazina brashi. Utazitambua kwa umbo. Isiyo na gia ni pana na nyembamba kama sahani ya wali. Ya gia ni ndogo na nene, kama kopo la rangi lililolazwa.

Ndani ya ile pana hakuna kitu cha kusagika zaidi ya beringi mbili. Shaba imesukwa kuzunguka ekseli, haizunguki. Sumaku zimegandishwa kwenye ganda la nje, na ganda ndilo linalozunguka pamoja na ringi. Gurudumu likienda polepole, mota nayo inaenda polepole. Hakuna namna nyingine.

Ile ndogo ina mota ya mbio ndani yake, na kati ya mota na ganda kuna gia tatu za nailoni, kila moja na meno yake meupe. Nyingi hupunguza mwendo kwa kiasi cha mara 5. Chukua gurudumu la inchi 28, mwendo wa kilomita 25 kwa saa: gurudumu linazunguka kama mara 190 kwa dakika, lakini mota iliyo ndani inazunguka karibu mara 950. Hapo ndipo siri ilipo. Hata baiskeli ikijikokota kilimani, mota ya ndani bado inazunguka kwa kasi inayoipenda.

Uzito nao unatofautiana. Ya gia ya wati 500 ina kilo 3 hadi 4 na nusu hivi. Isiyo na gia ya wati 1000 inafika kilo 6 au 7, na zote hizo ziko kwenye gurudumu, kwa hiyo kila shimo la barabara spoku zinalisikia.

Kilima ndicho kipimo

Nitafanya hesabu moja hapa, nayo ndiyo iliyonifungua macho. Mtu, baiskeli na mzigo vikiwa kilo 130, kwenye mwinuko wa asilimia 8, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, gurudumu linahitaji kama wati 320 ili lisisimame. Wati 320 si nyingi. Mota ya wati 1000 inapaswa kucheka. Lakini kwa mwendo huo mdogo, isiyo na gia inazunguka mara 75 tu kwa dakika, na ili itoe nguvu ya kuvuta inayotakiwa inabidi inywe mkondo mkubwa sana kwenye shaba yake. Karibu nusu ya umeme unaotoka kwenye betri unageuka joto. Wati 320 zinapanda kilima, na nyingine kama hizo zinabaki ndani ya chuma kilichofungwa pande zote. Ni sawa na kuweka pasi ndani ya sufuria na kuifunika.

Ya gia, kilima kilekile na mzigo uleule, inapoteza kidogo zaidi ya robo hadi theluthi. Betri inadumu, shaba haipiki.

Sasa niseme na upande wa pili, maana kuna watu wanaisifu ya gia kupita kiasi. Joto likishaingia ndani yake, linatoka kwa shida zaidi, kwa sababu mota ya ndani imezungukwa na hewa tupu na haigusi ganda. Halafu ni ndogo, inajaa joto upesi. Kwa hiyo ukiilazimisha ifanye kazi ya wati 1200 kwa nusu saa kwenye lami iliyonyooka, itaungua, na mwenzake mpana atafika akiwa na uvuguvugu tu. Anayetoka Lindi mjini kwenda Mingoyo kila siku bila mzigo, akitaka kilomita 40 kwa saa, achukue isiyo na gia bila wasiwasi. Ni kimya, haina meno ya kubadilisha, itamzeekea.

Betri ikiisha njiani, tofauti utaisikia magotini. Ya gia ina kifaa kinachoachia mzunguko kama friwili ya kawaida. Unakanyaga baiskeli yako, nzito kidogo, basi. Isiyo na gia inakushika. Sumaku zinavuta chuma cha ndani kila hatua, na unahisi kama breki inagusa ringi muda wote.

Breki ya umeme

Isiyo na gia ina jambo moja ambalo ya gia za kawaida hazina: inaweza kugeuka jenereta, ikapunguza mwendo na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Wauzaji huliweka mbele. Umeme unaorudi ni mchache, mara nyingi asilimia 5 hadi 10 ya uliotumia, na kwa mjini Mtwara usiuhesabu kabisa. Thamani yake ni breki yenyewe. Kwa mtu wa Newala anayeteremka kutoka ukingo wa uwanda wa Makonde, kule watu wanakosimama kutazama Shimo la Mungu, kuwa na breki isiyokula mpira ni jambo la maisha. Ila ujue kwamba ukianza mteremko na betri imejaa hadi juu, hakuna pa kuweka umeme huo. Bodi ya ulinzi wa betri inaweza kukata, na breki hiyo ikapotea ghafla ukiwa katikati ya kona. Anayekaa juu na kuteremka asubuhi asijaze betri hadi mwisho usiku.

Mchanga, chumvi na salfa

Huku kwetu hewa ya bahari inakula chuma. Mota pana ikiingia unyevu, kile chuma cha ndani kilichopangwa kama karatasi kinashika kutu, na pengo kati yake na sumaku ni dogo mno. Kuna ushauri unaozunguka mitandaoni wa kutoboa matundu kwenye vifuniko ili mota ipoe. Walioandika wanaishi mbali na bahari. Ukitoboa matundu Shangani au Kilwa Masoko, unakaribisha chumvi, mchanga na, msimu wa kupuliza mikorosho, vumbi la salfa ambalo likikutana na unyevu linatafuna kila kitu. Usitoboe.

Maji yenyewe hayaingii sana kwa kifuniko. Yanaingia kwa waya. Waya hutoka kwenye tundu la ekseli, na ukiufunga ukipanda moja kwa moja kwenye fremu, mvua inateremka juu yake na kuingia ndani kama mfereji. Uache kwanza ushuke chini ya ekseli, ufanye tumbo, ndipo upande. Maji yatadondoka pale kwenye tumbo. Haligharimu hata shilingi.

Kwenye mchanga, kama ule wa njia ya Msimbati, usifunge mota gurudumu la mbele. Mzigo wetu uko nyuma kwenye keria. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, linazunguka bure na kujichimbia.

Baiskeli yetu ina masharti yake

Vifaa hivi vimetengenezwa kwa baiskeli za milimani zenye gia. Sisi wengi tuna Phoenix au inayofanana nayo, na hapa ndipo fedha za watu zinapopotelea.

Kwanza ringi. Gurudumu la mota lililoandikwa inchi 28 kwa kawaida lina kipimo cha milimita 622 pale tairi linapokaa. Tairi la Phoenix la 28 kwa 1½ ni la milimita 635. Ni tofauti ya milimita 13 tu, lakini halikai. Niliwahi kumwona kijana akilivuta tairi lake kwa bisibisi mbili asubuhi nzima akidhani ni ugumu wa mpira. Unachoweza kufanya ni kununua mota bila ringi ukaisuka kwenye ringi yako ya zamani, au kununua tairi jipya la kipimo cha mota. Ukiamua kusuka, hesabu matundu. Mota nyingi zina matundu 36. Ringi za nyuma za baiskeli hizi ziko zenye 36 na ziko zenye 40. Hesabu kabla hujatuma fedha Dar es Salaam.

Pili, upana. Mota ya nyuma inataka nafasi ya milimita 135 kati ya miguu ya fremu, na fremu zetu ni nyembamba kuliko hapo. Uzuri ni kwamba ni chuma, kinapanuka kwa kuvutwa taratibu bila moto, pande zote sawasawa, ukipima kwa uzi kutoka kwenye kichwa cha fremu. Fremu ya alumini usijaribu, itapasuka.

Tatu, breki. Zile za vyuma zinazobana ringi kwa ndani zilitengenezwa kwa mwendo wa kukanyaga. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 18 hadi 35 kwa saa, nguvu ya kuzuiwa inakaribia mara 4. Sifungi mota inayozidi kilomita 30 kwa saa kwenye baiskeli yenye breki hizo, hata mwenyewe akisisitiza.

Marekebisho ya nyumbani, moja baada ya jingine

La kwanza si la kuongeza kasi. Ni kipande cha chuma. Ekseli ya mota imechongwa bapa pande mbili, milimita 10 hivi, na huo ubapa ndio unaozuia ekseli isizunguke. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli inasukumwa nyuma kwa nguvu ileile, na kwa kuwa ubapa ni mfupi, miguu ya fremu inabebeshwa mamia ya kilo. Nati peke yake haiwezi. Ekseli ikiteleza inazunguka na waya wake, inaunyonga na kuukata, na gurudumu linaweza kuchomoka. Chukua chuma bapa cha milimita 6, kitoboe na ukichonge kwa tupa hadi kiishike ekseli bila kucheza, halafu ukifunge kwenye fremu kwa klipu imara. Kwa mota yenye breki ya umeme fanya pande zote mbili, maana inasukuma mbele na nyuma. Mchomeleaji yeyote wa mageti atakukatia. Kiwe kimebana: kikicheza hata milimita moja, kila ukivuta resi ekseli inapata mwanya wa kupiga nyundo.

Baada ya hapo, grisi, kwa wenye mota ya gia. Nyingi zinatoka kiwandani na grisi kiduchu iliyobandikwa upande mmoja wa jino. Nilipofungua ya kwangu nilikuta gia mbili kati ya tatu ni kavu kabisa. Fungua kifuniko, futa, paka grisi inayostahimili joto kwenye meno yote, funga. Kelele inapungua siku hiyohiyo. Gia za nailoni zikisagika, mota huanza kulia kama kinu. Zinauzwa tatutatu, na kubadilisha ni kazi ya saa moja. Kuna za chuma pia, ila zinapiga kelele, na nguvu iliyokuwa ikiishia kwenye nailoni inakwenda kuvunja kile kifaa cha kuachia mzunguko, ambacho ni ghali zaidi. Nailoni ibaki. Kwa mota pana, angalia vidole: sumaku zinavuta kwa nguvu ya kuponda, na chuma cha ndani kinarudi kwa kishindo.

Kuongeza volti ndilo rekebisho ninaloliunga mkono kama mtu anataka zaidi. Kutoka volti 36 hadi 48, mwendo unapanda kwa theluthi, na kwa ampea zilezile 15 nguvu inatoka wati 540 hadi 720. Lakini fungua kontrola kwanza, kile kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota, usome volti zilizoandikwa kwenye kapasita zake, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme ndani yake. Kontrola nyingi za volti 36 zina kapasita za volti 50, na betri ya 48 ikijaa inafika 54.6. Itapasuka kama bisi, pengine si siku ya kwanza. Tafuta kontrola yenye kapasita za volti 63. Jambo jingine: kontrola ya 36 inakata umeme ikifika kama volti 31, na betri ya 48 ikishuka hadi huko imeshakufa. Badilisha vyote viwili pamoja.

Kuongeza ampea ni habari nyingine. Ndani ya kontrola kuna kijiti kinene cha waya ambacho ndicho kipimo cha mkondo. Watu wanakipaka risasi kwa pasi ya kuchomelea, kontrola inadanganyika na kuruhusu mkondo mwingi kuliko inavyodhani. Baiskeli inaruka kama mbuzi, nakubali, na raha yake naijua. Lakini joto kwenye shaba linakua kwa kipeo cha pili: ampea 15 zikiwa 21, joto linakaribia mara mbili. Kontrola haijui, mota haijui, bodi ya betri haikuulizwa. Nilifanya hivyo kwenye ile iliyoungua. Kama lazima uongeze, nunua kontrola ya ampea nyingi kidogo iliyotengenezwa hivyo, na ufunge kipimo cha joto kwenye shaba. Ikikaribia nyuzi 100, shuka ukanyage.

Sensa za Hall, zile tatu ndogo zinazomwambia kontrola sumaku ziko wapi, huwa za kwanza kufa kwa joto. Dalili ni mota kutetemeka na kugugumia wakati wa kuondoka. Usikimbilie kununua mota mpya. Kuna kontrola zinazofanya kazi bila sensa, ila unaanza safari kwa kukanyaga kidogo.

Betri

Nitakuwa mfupi kwa sababu uamuzi wangu umeshakaa. Betri 4 za asidi za volti 12, ampea-saa 12, zina kilo 16 hivi, na ukitaka zidumu unatumia nusu tu ya kilichomo. Mzigo ukiwepo, hiyo ni kama kilomita 20: Mtwara hadi Mikindani na kurudi, unaingia nyumbani ukiwa mtupu. Lithiamu ya volti 48, ampea-saa 13, ina kilo 4 na inakupeleka kama kilomita 40. Kuijaza haifiki uniti moja ya LUKU. Ni ghali, mara nyingi kuliko mota yenyewe, na bado ndiyo ninayoshauri. Za kuunganisha mwenyewe kwa seli za kompyuta kuukuu, usilale nazo chumba kimoja. Seli moja mbovu inatosha kuchoma nyumba.

Mzee wa samaki

Wiki iliyopita alinijia mzee mmoja mchuuzi, tenga bado linanuka dagaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii Phoenix itaukubali umeme, au nikanunue pikipiki?"

Anatoka Mikindani alfajiri, tenga la kilo 50, anapita vilima kwenda vijiji vya ndani, anarudi mchana. Alikuwa ameonyeshwa mota ya wati 1500 isiyo na gia, kwa bei aliyoiona nzuri. Tuliigeuza baiskeli miguu juu, nikaanza kuhesabu matundu ya ringi ya nyuma huku yeye akiyafuata kwa kidole: 36. Miguu ya fremu ilihitaji kupanuliwa, chuma chake kilikuwa kizima. Nikamwambia achukue ya gia, wati 500, volti 48, isukwe kwenye ringi yake ileile ili tairi na breki visibadilike, na kwenye mwinuko mkali asaidie kwa miguu.

"Kwa hiyo bado nitakanyaga?"

"Kilimani tu mzee, kidogo."

Alinyamaza akilishika tenga. Kisha akauliza kile chuma cha kushikilia ekseli nitakikata mwenyewe au aende kwa mchomeleaji. Nimekikata jana; kimebaki kuchongwa tupa.